Chawa Waliokataa Kufa

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya hamsini, chawa wa kijijini kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, walikataa kufa. Mwanzoni unga mweupe wa kliniki uliwamaliza. Baadaye tulinyunyiziwa mpaka tukafanana na vikongwe, na chawa wakatembea humo humo bila wasiwasi.

Watu waliamini kwamba chawa asiyesikia dawa ametumwa na mchawi. Kwa hiyo mama yangu aliponipaka majani ya kivumbasi aliyoyachemsha katika mawese, na kichwa changu kikasafika, jirani yetu Mama Kalumba, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, hakuuliza dawa ni nini. Alisimama ufukweni mbele ya wavuvi akasema, "Mwenye kutuma bidudu, njo yeye tu anaweza kubiita birudi."

Maneno hayo yalitosha. Mkuu wa kijiji akamwambia mama atuhamishe kabla ya mvua. Baba alikuwa ameshakufa ziwani, hatukuwa na pa kwenda. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote.

Kisha binti yake mwenyewe akajikuna mpaka kichwa kikatoa usaha. Mama Kalumba akaja kwetu kwa mlango wa nyuma.

"Mama, unisaidie. Mutoto anaumia."

"Nikimuponya miye, utasema nilibiita," mama akajibu. "Ukuye kesho ufukweni. Majani utachuma weye, utatwanga weye, utapaka weye. Mukono yangu haitagusa."

Alikuja, na kijiji kizima kikaja. Alitwanga huku analia, akachemsha, akampaka mwanawe. Alipomchana, chawa walianguka wafu juu ya kitambaa. Nilicheka kwa sauti, na hakuna aliyenikaripia.

"Sasa, Mama Kalumba," mama akauliza kwa upole, "nani amebiita?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtoto alipona, nasi tukabaki kwetu. Lakini samaki wa Mama Kalumba hawakununuliwa tena, na kabla ya mvua alivuka ziwa na wanawe, asirudi.

Mchungaji hunihimiza nisamehe, nami huitika amina ya mdomoni. Zamani nilidhani mama alitaka kuwaonyesha watu kwamba dawa ni majani tu. Siku hizi naamini aliwajua watu wale vizuri, alijua watasema aliyetuma ni nani, na nampenda zaidi kwa hilo.