Kamba Iliyofungwa Lokini

Binti yetu anayekaa Ilford alishatoa amri: baba akisahau tena jambo la hatari, mnashuka kwenye hiyo boti mje mkae kwangu. Aliniambia mimi, tena kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kukisema ni kazi. Nikamjibu, "Mwambie mwenyewe." Hakuthubutu. Mume wangu alikuwa ameapa kwamba kutoka botini kwake ni kwa jeneza.

Tangu alipostaafu tuliishi kwenye boti nyembamba ya chuma, katika mfereji wa kale unaopita katikati ya London. Jamaa zetu walitucheka mpaka wakachoka. Watu wa Mombasa wazima, kwenda kuzeekea ndani ya kopo! Hatukuwa na mahali petu pa kudumu. Unakaa siku chache, kisha sheria inakutaka usogee. Kituo tulichokipenda kilikuwa chini ya loki moja, penye bomba la maji na pa kumwagia choo. Wenye maboti hupiga soga hapo wakingoja tangi lijae, na hapo mume wangu alikuwa mwalimu wa wote, wawe wamemwomba au hawakumwomba.

Somo lake kubwa lilikuwa la kamba. Loki ni chumba cha maji chenye milango, cha kupandishia na kushushia maboti mferejini. Ukitaka kushuka, maji yanatolewa na boti inateremka nayo. Kamba unaizungusha tu kwenye nguzo ya ukingoni na kuilegeza pole pole. Ukiifunga, maji yatakwenda zao na boti itabaki inaning'inia. Akimwona mgeni anafunga, alimkemea kama mtoto. "Ebo! Unataka kuzama?"

Lakini miezi ile alikuwa akinitisha. Mara aache gesi wazi, mara aniite kwa jina la marehemu dada yake. Nilificha, nikajidanganya kuwa ni uzee tu. Na usiku nilikuwa nakaa macho nikisikiliza kama anaamka.

Basi asubuhi moja tukawa tunashuka lokini kuja kituoni kuchota maji. Yeye alikuwa juu ukingoni, mimi jikoni nakaanga mahamri. Ghafla sakafu ikainama upande. Karai likateleza, mafuta yakamwagika, yakanikosa kidogo tu. Yallah! Nikatoka nikitambaa, nikaona kamba imekazika juu kwenye nguzo, imefungwa fundo, tena la kukazwa kweli kweli, na boti imelalia ukuta.

"Funga maji!" nilipiga kelele. "Baba, funga maji!"

Alikuwa amesimama na ule mkono wa chuma wa kufungulia maji, ananitazama tu. Mzungu mmoja mwanamke, aliyekuwa akingoja chini na boti yake, akapanda mbio, akamnyang'anya ule mkono, akafunga. Kisha akayarudisha maji kutoka juu, boti ikanyanyuka, kamba ikalegea.

Mume wangu akaiendea ile nguzo, akalishika fundo.

"Nani amefunga hapa?" akauliza. Hakuwa anajitetea, wallahi. Alikuwa anauliza kweli. Sikuwahi kumwona na hofu ile, si siku moja.

"Mimi," nikasema, nikijigusa kifuani.

Yule mwanamke alinitazama, kisha akainama akajifanya anashughulika na mlango. Mungu amjalie.

Nilitegemea makemeo. Hakunikemea hata kidogo. Tulipofika kituoni alinikalisha, akanifunika shali yake mabegani, akapangusa mafuta sakafuni mwenyewe. Mpira wa maji ulikuwa bado unajaza tangi binti yetu alipopiga simu. Akaichukua yeye.

"Mwanangu, tutayarishie chumba," alimwambia. "Mama yako kichwa hakimtulii siku hizi. Leo amefunga kamba lokini. Mimi ningekufa humu humu, lakini yeye siwezi kumwacha azame."

Binti akataka kusema nami. Akaniuliza, mara hii kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, ni kweli?"

Mume wangu alikuwa amenishika mkono, ananionea huruma.

"Kweli, mwanangu," nikamwambia. "Njoo utuchukue."