Siku za Wino Mwekundu

Kila Jumatatu Bi Secilia, afisa ustawi wa jamii, akifungua tu ofisi yake pale Lushoto, mkulima yuleyule wa kabichi kashafika. Hubana kofia kwapani, hutoa shikamoo ya kubembeleza, kisha hutandaza kalenda juu ya mafaili kana kwamba meza ni yake. Siku alizokaa na binti yake amezizungushia wino mwekundu. Kidole chenye udongo ukuchani hupita duara kwa duara, na ukimkatiza huanza upya, tangu mwezi wa kwanza. "Nusu ya wiki analala kwangu, mama. Hela ya matunzo ninayompa mama yake ipunguzwe."

Leo Bi Secilia alichoka. "Na leo ni zamu ya nani?"

"Yangu!" Akagonga duara.

"Shule zimefungwa. Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

Kidole kikasimama. "Nilimwambia anisubiri sokoni, pale kwenye magunia..."

"Tangu saa ngapi?"

Alishatoka mbio, kofia ikamdondoka mlangoni. Kalenda ilibaki mezani. Bi Secilia akaifunua ukurasa uliofuata: siku za mwezi ujao nazo zilikuwa zimeshazungushiwa.