Watu Thelathini na Mmoja wa Dada Pasi

Dada yangu anaamka kiroho. Hivyo ndivyo alivyoniambia Jumatatu moja asubuhi, tukiwa na mashuka ya gesti yaliyojaa mabeseni matatu na mgongo wangu ukiniuma. Nikamwambia kama kweli ameamka, basi ashike upande wa pili wa shuka tulikamue. Akashika. Akakamua huku anatabasamu, na hilo tabasamu lilinikera kuliko maneno yenyewe.

Lazima mumjue kwanza. Sisi ni madobi, yeye na mimi, wawili tu. Chumba cha mbele kina meza ya kupigia pasi, uwani kuna kamba nane, na nyuma ya pazia kuna vitanda viwili na sanduku lake la bati katikati. Marehemu mama alituachia kazi hii na ulimi wake, ulimi akauchukua dada wote. Mtaani wanamwita Dada Pasi, na wala si kwa sababu ya kazi. Mteja akilalamika kwamba kifungo kimekatika, atamuuliza mbele za watu kama ameliangalia tumbo lake siku za karibuni. Karani wa posta alifukuzwa kwa kusema tu kola haikunyooka. Mimi nina miaka arobaini na mmoja, yeye amenizidi mitano, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema samahani.

Kazini tumegawana. Mimi nafua, yeye anapiga pasi na kushona alama. Dobi hatambui nguo kwa sura, mashati meupe yote ni ndugu. Kila mteja ana alama yake ya uzi ndani ya kola, vimsalaba vidogo vya rangi hii au ile, kimoja au viwili. Nguo ikishashonwa alama, hata ikichanganyika na nyingine mia itarudi kwa mwenyewe. Mama alimfundisha dada peke yake kazi hiyo. Mimi niliambiwa mikono yangu ni ya sabuni.

Sasa kuna samahani moja ambayo nimeingoja miaka kumi na saba. Alikuja fundi magari kuniposa. Mtu mpole, kucha nyeusi kwa oili, akicheka anacheka kwa pua. Mama alikuwa keshafariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa dada. Akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kazi hii inataka mikono minne. Nenda katafute nyumba yenye mikono ya ziada." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sinia la chai. Fundi akaenda, akatafuta, akapata. Ana watoto wanne sasa. Kila Ijumaa analeta ovaroli zake kwetu, na anayezisugua ni mimi.

Msiniulize kwa nini yeye mwenyewe hakuolewa. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, akaondoka kwa hasira kwa sababu ya mashati, na baada ya hapo ndipo moto wa dada ulipozidi. Hilo tuliache kidogo.

Huo mwamko ulianzia kwenye blauzi. Dada alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe ya mkunga mmoja mstaafu, akasimama. Pasi iko juu ya kitambaa, macho kayakaza ukutani. Moshi ukapanda. Nilipompigia kelele akainua pasi polepole, na mgongoni mwa blauzi kukawa na doa la kahawia lenye umbo kamili la pasi. Miaka yote hiyo hajawahi kuunguza hata leso. Akakaa juu ya rundo la nguo chafu akalia, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama hakulia. Mkunga alipokuja nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza. Hakuyahitaji. Alimtazama dada usoni akasema, "Wewe unaamka," akamwalika kwenye darasa lake la Alhamisi, chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako wanawake kama kumi hukaa kwenye viti vya plastiki wakivuta pumzi.

Akarudi na karatasi. Hatua saba za mwamko wa roho, zimepigwa chapa vizuri. Akaibandika juu ya meza ya pasi, mahali palipokuwa na kalenda yangu. Ya kwanza ilikuwa kuamka. Nikamwambia huyo mkunga anatufanya wajinga, maana yeye dada amekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri tangu utotoni na hakuna aliyempa karatasi.

Ya pili ilikuwa kunyamaza. Alinyamaza wiki sita. Anajibu unapomuuliza, basi. Wateja waliokimbia wakaanza kurudi, na karani wa posta akaleta suti. "Dada yako siku hizi ana nuru," akaniambia. Nuru. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, na nawaambia mtu mkali akinyamaza ni sufuria iliyofunikwa, haijaepuliwa. Nikangoja mfuniko uruke. Haukuruka, na hilo likanitia hasira zaidi, kwa sababu nilizoea kugombana naye kila asubuhi na sasa nilikuwa nagombana peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha ikaja hatua ya kutua mizigo. Akaanza kugawa vitu. Viatu vyake vizuri, koti, vikombe vya wageni. Siku moja narudi kutoka kuchukua sabuni, naikuta redio haipo, amempa mlinzi wa ghala.

"Ile redio ilikuwa ya mama," nikamwambia.

"Mama hayumo ndani yake, mdogo wangu."

"Taarifa ya habari imo."

Akacheka. Zamani angenirushia kibanio cha nguo, na kusema kweli ningependelea kibanio. Nikamwonyesha sanduku la bati, lile lenye kufuli ambalo sijawahi kuona likifunguliwa. "Na hilo? Au mizigo ya kutua ni ya mama peke yake?"

Tabasamu likamfutika. "Hilo bado," akasema, akaenda kuanua nguo.

Nikafurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kuona kuna mahali roho yake haijafika.

Hatua ya nne ndiyo iliyonimaliza. Kuomba msamaha. Alinunua daftari la shule, akalifungia kalamu kwa uzi, na kila jioni kazi ikiisha anatoka kwenda kwenye nyumba za watu. Anarudi, anaweka tiki. Mtaa mzima ukawa na habari moja tu. Mwenye bucha alinisimamisha njiani, mtu mzima, mikono imejaa mafuta ya nyama, akaniambia dada amemwomba radhi kwa kofi la zamani na yeye amelia mbele ya wateja. Wanawake wa bombani wakawa wananipisha nichote maji kwanza, kwa heshima ya dada. Yaani niliheshimiwa kwa utakatifu usiokuwa wangu, na bado sikuwa nimeombwa chochote.

Siku moja akiwa anaoga nililifungua lile daftari. Watu thelathini na mmoja. Mwenye bucha, kofi. Karani wa posta, kumfukuza. Mshonaji wa kona, kumwita kipofu. Jirani wa nyuma, mambo ya mbuzi. Nikashuka na kidole mpaka chini, nikapanda nacho mpaka juu. Mdogo wangu hayumo. Namba kumi na saba, fundi magari.

Ijumaa fundi akaja na ovaroli zake, macho mekundu. "Dada yako kaja nyumbani juzi," akasema. "Kaniomba msamaha. Nikamwambia yalishapita, na hata hivyo nilipata mke mwema." Akacheka kwa pua. Nikazichukua zile ovaroli, nikazisugua mpaka moja ikachanika goti.

Alipomwekea tiki mtu wa thelathini na mmoja, akarudi nyumbani amechangamka. Ilikuwa bado saa kumi jioni, jua limejaa uwani. Akachukua suti ya karani, akaitandaza mezani, akasema kesho anaingia hatua ya tano.

Nikaweka beseni chini. "Umemwomba msamaha hadi mwenye mbuzi," nikamwambia. "Fundi umemwomba. Fundi, ambaye alipata mke. Mimi je? Au mimi ni beseni?"

"Umesoma daftari langu."

"Nimelisoma mara tisa. Mnafiki mkubwa wewe. Unatembea mitaani unasambaza nuru, na mtu uliyemharibia maisha unalala naye chumba kimoja."

Hakukasirika. Akaisimamisha pasi, akachomoa waya. "Wewe sikujua nikuandike upande gani," akasema. "Upande wa watu ninaowaomba, au upande wa watu ninaowasamehe. Nimekaa na kalamu wiki tatu."

"Unisamehe nini mimi?"

Alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia, na nikasikia kufuli ikifunguka.

Akarudi na shati. Shati jeupe la mwanaume, limekuwa la njano kwenye mikunjo, kifuani lina doa la damu kuukuu ambalo halikutoka. Akaigeuza kola akanionyesha. Vimsalaba viwili vya uzi wa bluu, alama ya mwenye bucha.

Shati lilikuwa la mwalimu wa hesabu. Alama yake ilikuwa kimsalaba kimoja chekundu. Niliifumua mimi, na ya mashati mengine matano, Jumapili moja mchana dada akiwa ameenda kupima gauni la harusi. Nikashona bluu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama ameanza kuugua, na nilipotazama mbele nilijiona mimi na mabeseni na hakuna mtu mwingine. Mashati yakaenda bucha, na mwenye bucha, ambaye hajawahi kuuliza swali maishani, akayavaa kazini wiki nzima. Mwalimu akamkuta nalo, damu mpaka kwapani. Akamburuta mpaka hapa na mashati yote, akamfokea dada mbele ya wateja, kwamba mwanamke asiyeweza kutunza mashati sita atatunza nyumba gani. Dada akampiga kofi mwenye bucha, akamtupia mwalimu mashati yake, moja likabaki chini. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Alama zilikuwa kazi ya dada, kosa likawa la dada. Na mimi nilikuwa nimeiga kila kitu, rangi, ukubwa, hata idadi ya nyuzi. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikijisifu kimoyomoyo kwamba mikono ya sabuni nayo inajua kushona.

"Mimi natumia mkono wa kushoto," dada akasema. "Uzi wangu wa juu unalalia kushoto. Huu umelalia kulia. Nilijua siku ileile."

Nikasema, "Na fundi?"

"Fundi nilimfukuza kwa sababu hiyo. Ile ya mikono minne nilidanganya. Nilitaka ubaki hapa uone inavyokuwa." Akalikunja shati, mikono ndani, kola juu, kama linasubiri mteja. "Kwa hiyo naomba unisamehe. Na mimi nakusamehe. Nayasema yote mawili pamoja kwa sababu nimeshindwa kuyatenganisha."

Miaka kumi na saba nilikuwa nimeipanga ile siku. Nilijua nitakavyosimama. Nilijua nitamfanya arudie mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa. Sasa ameomba, na ombi lake limekuja limefungwa na langu, siwezi kuchukua moja nikaacha jingine. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyomchukia nyuma ya pazia na sinia la chai.

"Nakuchukia," nikamwambia.

"Najua."

"Karatasi yako nitaichoma."

"Ichome," akasema. "Lakini ngoja nimalize suti ya karani, anaifuata saa kumi na moja." Akachomeka waya, akalamba kidole, akaijaribu pasi.

Karatasi sikuichoma. Bado iko ukutani na yeye anaendelea na hatua zake, yuko ya sita sasa, sijui inahusu nini na siulizi. Msije mkadhani na mimi nimeanza kuamka. Alhamisi anapokwenda kuvuta pumzi mimi nabaki kufua, na nikimwona mkunga namsalimia kwa midomo tu. Ovaroli za fundi nimeacha kuzisugua kwa ubaya, lakini hilo ni kwa sababu ile ya goti nilitakiwa kuishona tena.

Nimefanya jambo moja tu, na sijamwambia mtu. Nililigeuza lile daftari nyuma, nikaanzisha kwa kalamu yake upande wa watu ninaopaswa kuwaomba msamaha mimi. Nimeandika mtu mmoja: Dada. Kila jioni akirudi anakaa kitandani kwake anavua viatu vyake vibaya, maana vizuri aligawa, na mimi nakaa kwangu. Kati ya kitanda changu na chake kuna sanduku la bati tu, na sijafika bado.