Bastola Iliyonuka Asali

Ukifika Same ukaulizia nyumba yangu kwa jina nililobatizwa nalo, utazunguka mpaka soli ziishe, lakini ukisema "yule mzee wa bastola ya asali," hata mtu ambaye siku ile hakuwa amezaliwa atakushika mkono akulete hadi mlangoni. Aibu yangu ina umri mkubwa kuliko watoto wangu, na nimeishi nayo mpaka imekuwa kama ndugu wa nyumbani, yule usiyempenda sana lakini asipoonekana mezani unauliza yuko wapi. Mke wangu ameniruhusu kuisimulia kwa sharti moja, kwamba nisiruke pale panaponiuma. Sitaruka.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa shamba la mkonge kule tambarare, kijana wa kidato cha nne mwenye kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika, ilikuwa ya heshima tu), na juu ya ukarani nilikuwa katibu wa michezo. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ilikuwa ya kujuana, kisha tukaanza kuambiwa kwamba sasa milango imefunguliwa na mashamba yatauzwa kwa watu binafsi, tukawa hatujui kesho tutaamkia kwa bwana gani.

Naetwe alikuwa muuguzi wa zahanati ya shamba. Kwao ni Mamba, kwetu ni Vudee, sote watu wa milimani tulioshuka kwenye joto kutafuta kazi. Alikuwa mchumba wangu, barua ilikwisha kupelekwa kwao na kujibiwa, na alikuwa anakimbia. Sisemi alipenda kukimbia, nasema alikimbia, kama maji ya mfereji yanavyoteremka. Alikulia kupanda na kushuka mteremko na mzigo wa tangawizi kichwani, sasa ukimtua mzigo ule ukamweka mahali pa sawa, basi tena, tafuta vumbi lake.

Kila jioni nilimfanyisha mazoezi kwenye barabara iliyopita katikati ya mkonge. Sikuwa na filimbi wala saa. Nilikuwa na vibao viwili vya mti wa mkulo alivyonirandia baba yangu, seremala, akaviunga kwa bawaba upande mmoja. Ukivigonganisha vinatoa mlio mkavu, "tak," na Naetwe anaondoka. Miezi mitano ilikuwa tak na kuondoka, tak na kuondoka, mpaka nikawa naogopa kufunga kabati karibu naye.

Alikuwa na sababu. Mshindi wa mita mia mbili za wanawake kwenye michezo ya wafanyakazi angeingia timu ya mkoa, na timu ya mkoa ingekwenda Dar es Salaam kukimbia kwenye uwanja wa kweli, wenye njia zilizochorwa chokaa na watu wameketi pande zote. Siku moja akijifunga kanga yake baada ya mazoezi akaniambia, "Eliakimu, ni mwaka huu tu. Ukishanioa, nani ataniacha nikimbie na mimba? Mama yako?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa bastola. Meneja wetu aliikuta alipokuwa anasafisha ile klabu ya zamani ya Wazungu, ili wanunuzi wakija wasikute popo. Ilikuwa bastola ya kuanzishia mbio, haiui mtu, hutoa mlio na moshi tu, lakini kwa umbo ilikuwa bastola hasa, nzito, nyeusi, yenye magazini, na ukipiga moja yenyewe hutupa ganda na kuvuta nyingine. Ila risasi zake za mlio zilikwisha zamani, yalibaki maganda matupu kwenye kopo.

"Katibu," akaniambia, "mgeni rasmi ni mmoja wa hao wanaokuja kulitazama shamba. Hatuwezi kumpigia vibao kama shule ya msingi."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema: mkubwa, wakimbiaji wetu wamezoea vibao. Sentensi moja. Badala yake nikaipokea ile bastola, nikahisi uzito wake mkononi, nikajiona kwenye picha ya gazeti mkono juu, nikasema, "Niachie mimi, mkubwa."

Jumamosi nikapanda Vudee kwa Mzee Sekiete, aliyekuwa askari wa wanyamapori na baadaye akawa anajaza magobori ya kufukuzia nyani mashambani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, akaigeuzageuza bastola kama mtu anayekagua meno ya mbuzi. Kujaza aliweza. Shida ilikuwa kuziba midomo ya maganda, kwani vile vizibo vya karatasi ngumu alivyovitumia vilikwisha, na madukani karatasi yenyewe ilikuwa bidhaa adimu. Mimi ndiye niliyeona bonge la nta ya nyuki juu ya dari yake. Mimi ndiye niliyesema, "Mzee, si tuzibe kwa hii?" (Mke wangu ananiambia niandike tena kwamba ni mimi. Haya, ni mimi.)

Tukaziba kwa nta. Tukatoka nje kwenye ukungu, nikapiga nane mfululizo, pa, pa, pa, bila kukwama hata moja, mbega wakahama upande wa pili wa bonde na jirani mmoja akafungulia mbwa. Mzee Sekiete akatikisa kichwa.

"Imekubali hapa," akasema. "Lakini kijana, hapa ni Vudee. Shuka na moja kwanza, uijaribu kule kwenye joto lenu, ndipo tujaze za mashindano."

Nikamjibu kwamba bastola ni bastola tu, mzee, juu au chini. Tukajaza zote, nikashuka mlima nikitembea kama jenerali.

Siku ya michezo jua la Same lilikuwa limekuja mapema kuliko watu. Niliilaza bastola juu ya meza ya waamuzi, kwenye kitambaa cheusi, mahali ambapo kila mtu angeiona, na ikakaa pale saa nzima ikiota jua kama kenge. Mgeni rasmi alikuja na miwani yake myeusi, akaketi, meneja akaniashiria kwa kidevu. Tulianza na mita mia mbili za wanawake. Wakimbiaji sita, Naetwe njia ya tatu, pekupeku, namba imefungwa kifuani kwa pini za zahanati.

Nikaikoki bastola, nikainua mkono. "Kwenye mistari. Tayari."

Nikavuta. Hakukuwa na mlio wa risasi, ilikuwa nyundo tu imegonga chumba kitupu, kwa sababu risasi ya juu ilikuwa imeng'ang'ania kwenye magazini na haikupanda. Na nyundo ile ililiaje? Ililia "tak."

Naetwe aliondoka. Wale watano walibaki wameinama wakinitazama, yeye peke yake akaenda hatua thelathini kama upepo, uwanja ukacheka, akageuka, akaona yuko peke yake. Alirudi taratibu akinitazama usoni. "Nimesikia," akasema kwa sauti ndogo.

Mwamuzi wa mistari akauliza, "Katibu, amewahi kabla ya mlio?"

Hapa ndipo panaponiuma. Nilijua hakuwahi. Nilijua amesikia kile nilichomfundisha miezi mitano kukisikia. Lakini kusema hivyo ilikuwa kusema bastola imenishinda mbele ya meneja na mgeni wake, na tena uwanja mzima ulijua ni mchumba wangu, nikaogopa watasema nambeba. Nikafikiria yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho, nikasema, "Amewahi."

Akaonywa. Kanuni ya siku zile, ukiwahi mara mbili unatolewa.

Nikatoa magazini. Nilidhani ni springi imechoka, nikaibonyeza, ikarudi vizuri. Nikadhani ni mafuta yamekauka, lakini vidole vyangu vilikuwa vinateleza na kunata, rangi ya manjano. Akili yangu ya kidato cha nne haikuniambia kitu. Nikairudisha kwa kuipiga kofi, nikakoki tena, safari hii risasi ikapanda nusu na chuma cha juu kikakwama katikati, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nyuki wawili wakaja. Wakaja wanne. Wakawa wanaizunguka bastola kwa upole, wakinusa nyumbani kwao.

Kutoka upande wa wauza chai mama mmoja akapaza sauti, "Katibu, hiyo bastola au mzinga?"

"Anarina, mwacheni," mwingine akamjibu. "Chai yako haina sukari, subiri."

Nikajifanya sisikii. Naona haya kusema kwamba nilikwisha kuwaambia wasichana "tayari" kabla chuma hakijafunga, nikitumaini kitajifunga chenyewe. Hakikujifunga. Nikakipiga kwa kiganja, kikafunga kwa kishindo, "kacha," na Naetwe, Mungu anisamehe, akaondoka tena.

Safari hii hakufika mbali. Alisimama, akarudi, na hakusema kwamba amesikia. Watu walikuwa wanapiga kelele atolewe. Alisimama mbele yangu, akaanza kufungua zile pini za kifuani, moja, ya pili, akizihesabu kwenye kiganja kwa sababu zilikuwa za zahanati na lazima zirudi.

Ningependa kuwaambia nilisema palepale. Sikusema. Mwamuzi wa mistari akaniuliza tena, "Katibu, amewahi?" na ni ile pini ya tatu iliyonivunja, nikachukua kipaza sauti cha mkononi kilichokuwa mezani, nikasema ili hata wauza chai wasikie: "Hajawahi. Wala mara ya kwanza hakuwahi. Kosa ni langu mara zote mbili, bastola yangu ni mbovu na mimi nimesema uongo."

Nikashusha mkono wenye bastola kwa unyonge wa mtu aliyetubu, nikiwa nimesahau kwamba ile "kacha" ilikuwa risasi imeingia chumbani na nyundo bado iko juu, na kidole changu kikafanya kile ambacho kilikataliwa asubuhi yote. Pa! Vumbi likaruka miguuni kwangu. Wanaume wa mita mia nne, waliokuwa wanapasha misuli upande wa pili, wakaondoka wote kwa nguvu zao, wakazunguka uwanja mzima kabla hawajakamatwa. Meneja alikuwa chini ya meza. Mgeni rasmi alikuwa chini ya meza naye, miwani imebaki juu, na nyuki mmoja ametua kwenye kioo.

Nikasimama na moshi wangu, sina cha kuanzishia mbio. Naetwe akaenda kwenye kikapu chake kando ya mstari, akafunua kanga, akatoa vibao vya baba.

"Ulivibeba?" nikamuuliza.

"Nilikuona ulivyokishika kile kitu jana," akasema. "Chukua. Na usinitazame ukipiga."

Nikapiga bila kumtazama. Tak. Lakini mtu aliyeambiwa mara mbili kwamba masikio yake ni ya uongo hayaamini tena upesi. Alisubiri. Alisubiri mpaka alipoona mguu wa jirani yake umeinuka, ndipo akaondoka, wa mwisho kati ya sita, akawapita mmoja, wawili, watatu, wanne, na yule wa tano, msichana wa posta mwenye viatu, akamshinda kwa kifua. Kwa kifua tu. Hatua tatu zaidi za uwanja na angempita. Dar es Salaam akaenda msichana wa posta.

Jioni nilimfuata zahanati. Alikuwa anarudisha pini kwenye bakuli lake. Nikampa pole, nikaanza habari za nta, jinsi ilivyokuwa ngumu kule Vudee na ikayeyuka huku, ikagandisha risasi moja kwa nyingine ndani ya magazini, nikaeleza kwa urefu, kama ni chuma kinachohitaji msamaha.

"Bastola sina ugomvi nayo," akasema. "Ulipoulizwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akafunika bakuli. Wiki mbili hakunisemesha, na mimi nikaenda kila jioni kukaa kwenye benchi la wagonjwa, mpaka mgonjwa mmoja akamwambia, "Nesi, huyu anaumwa nini, mbona hapati dawa?" Naye akacheka. Tukaoana baada ya mavuno, na aliyoyasema kuhusu mimba na mama yangu yakawa kama alivyosema. Hakukimbia tena mashindano yoyote. Nimemwomba radhi mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara hunijibu kwamba alishasahau, na kila mara najua hajasahau.

Tangu siku ile sijashika silaha hata ya maji, na mtu akiniuliza jambo ninalolijua najibu kabla akili haijapata nafasi ya kutafuta sababu. Ni somo dogo. Lilinigharimu kitu ambacho hakikuwa changu.

Mwaka jana mke wangu alipasuliwa goti. Nesi wa hospitali akasema lazima atembee, kutoka kiti cha barazani mpaka kwenye simtanki la maji na kurudi, kila siku, naye akawa anakaa tu, anasema kesho, anasema maumivu, mwanamke yule. Asubuhi moja nikavitungua vibao pale juu ya mlango, bawaba imeshika kutu, nikaenda nikasimama pembeni yake.

"Eliakimu, wewe mzee una wazimu," akasema. Lakini akaiweka fimbo sawa, akainama kidogo mbele.

"Kwenye mistari," nikasema. "Tayari."

Nikafungua vibao, na kabla sijavigonganisha alikwisha kutoka, fimbo mbele, kanga inaburuta, anaelekea kwenye simtanki bila kugeuka. Safari hii aliwahi kweli. Vibao vikabaki wazi mikononi mwangu, na mimi sikumwita arudi mstarini.