Mawe Mekundu ya Koplo

Mchana tuliomzika kaka yangu, mgeni mmoja aligoma kuingia nyumbani kwetu.

Alisimama getini na mguu wake wa bandia, fimbo mkononi, akayatazama mawe ya kwenye njia. Akauliza, "Nani ameyapaka haya mawe rangi nyekundu?"

"Mimi," nikasema. Nilijibu kwa kujiamini kabisa, maana mimi ni fundi rangi na ile kazi ilikuwa safi.

Kama una ndugu mgonjwa wa akili nyumbani, soma mpaka mwisho. Kama huna, soma tu.

Kaka yangu tulimwita Koplo. Alikaa jeshini miaka kumi na moja, akarudi na viungo vyote ila akili haikurudi nzima. Daktari alisema ni ugonjwa wa vita, akampa vidonge. Kazi aliyoifanya huko hatukuijua. Ukimuuliza, anakwambia chai inapoa.

Mwezi wa kwanza tu wa kurudi aliokota mawe, akaniibia kopo la rangi nyeupe, akayapaka. Akayapanga mistari miwili kutoka mlango wa mama mpaka getini. Mawe arobaini na mawili. Katikati akaacha njia ya mtu mmoja.

Kila asubuhi, kabla hatujatoka, alipita yeye kwanza. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anasimama. Akifika getini anageuka.

"Piteni."

Mama alipita katikati. Mdogo wetu wa kike naye alipita.

Mimi? Kichwa kigumu. Nilikuwa nakatiza nje ya mawe makusudi, huku nacheka. Koplo anafumba macho na kuziba masikio mpaka nifike getini.

Kwangu mimi ile ilikuwa komedi ya bure.

Mwaka wa sita, mdogo wetu akapata mchumba. Ndugu wa mchumba wakasema wanakuja kututembelea. Nyumba nzima ikawa mshikemshike.

Asubuhi ya siku ya ugeni Koplo alikuwa kliniki kuchukua dawa. Nikayaona yale mawe yamechakaa, yanatia aibu. Nilikuwa na rangi nyekundu ya kung'aa iliyobaki kwenye kazi ya milango ya duka. Nikajisemea, ngoja nimfurahishe Koplo.

Nilifanya kwa nia njema. Na yakapendeza! Wageni wenyewe waliyasifia, wakakaa nasi mbele ya nyumba tukala.

Saa saba mchana Koplo akarudi. Alipofika getini akaganda. Mfuko wa dawa ukamponyoka.

"Kila mtu abaki alipo!" akapiga kelele. "Msisogee hata hatua moja!"

Wageni wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Koplo akaanza kuingia. Hatua moja, anasimama. Jasho linamtiririka, mkojo unamshukia mpaka kwenye viatu. Akamfikia mama kwenye kiti chake, akambeba mgongoni, akarudi akikanyaga nyayo zake zilezile mpaka nje ya geti. Akamweka chini taratibu.

Halafu akageuka ili aingie tena.

Nikamkimbilia. "Dogo, simama hapo hapo!" akanililia. Nikamtandika kofi, la pili, la tatu, wakwe wanatazama.

"Umetuaibisha! Unamteka mama mzazi?"

Hakurudisha hata moja. Alikuwa anasema tu, "Mama ametoka. Bado nyinyi."

Tulimfunga wanaume wanne kwa kamba ya kuanikia nguo, tukampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Uchumba ukavunjika wiki hiyohiyo.

Nikaapa sitakanyaga huko. Mama alikuwa anakwenda kila siku, na kila siku anarudi na swali.

"Kaka yako anakuulizia."

"Anauliza nini?"

"Kama umeshatoka."

"Nitoke wapi?"

"Sijui, mwanangu. Anasema, mdogo wangu ametoka? Nenda basi ukamjibu mwenyewe."

"Mwambie sina muda wa vichaa."

Wiki ya sita homa ya mapafu ikamchukua.

Ndiyo maana siku ya mazishi nilikuwa mkavu. Jeneza lipo sebuleni, na mimi bado nina kinyongo na maiti.

Mpaka yule mgeni wa getini aliponishika mkono. Alikuwa sajenti wa Koplo jeshini.

"Unajua kaka yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Askari."

"Alikuwa anatafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Anapita yeye kwanza, sisi tunafuata. Akishasafisha njia anaweka mawe meupe. Meupe maana yake ni salama." Akayanyooshea fimbo mawe yangu. "Mekundu ni bomu."

Nikageuka kuyatazama yale mawe.

Kaka yangu alisimama pale getini akatuona tumekaa juu ya kifo, tunakula na kucheka. Aliamini kabisa kwamba akiingia atalipuka. Akaingia. Akamtoa mama, akageuka aje anitoe mimi, nikampiga makofi.

Na kwa wiki sita alikuwa kitandani anauliza kama bado nimo mle ndani. Jibu lilikuwa neno moja, nikamnyima.

Nililia mpaka mama akatoka mbio ndani.

Wabebaji walikuwa wameshainua jeneza. "Lirudisheni chini," nikawaambia. Nikaenda stoo, nikaleta brashi na rangi nyeupe. Nikapiga magoti na suruali yangu ya msibani, nikaanza na jiwe la mlangoni kwa mama.

"Huyu naye ameanza," mjomba akasema. "Mshikeni!"

"Mwacheni amalize," sajenti akajibu.

Arobaini na mawili. Hakuna aliyeondoka.

Nilipomaliza nikarudi mlangoni, nikapita katikati mimi kwanza. Hatua moja, nasimama. Hatua nyingine, nasimama. Nilipofika getini nikageuka.

"Piteni."

Wakapita naye. Jeneza lilipofika usawa wangu nikaliwekea mkono, bado una rangi.

"Nimetoka, kaka," nikamwambia. "Wote tumetoka."

Wewe mwenye ndugu anayefanya mambo usiyoyaelewa, muulize maana yake. Ila muulize ukiwa umekaa chini na una muda wa kusikia jibu. Mimi katika miaka sita niliuliza habari za yale mawe mara moja tu, na nilikuwa nacheka.