Ndege ya Pili ya Pudentienne

Pudentienne, mshona nguo wa mtaa wa Nyamianda kando ya ziwa, alijifunza kurusha ndege ndogo za kuchezea, zinazoongozwa kwa telekomande, kwa ndege ya wanaoanza kujifunza aliyoletewa na kaka yake kutoka Bujumbura. Ilikuwa ya polepole, na ukikosea unaiachia tu, inajinyoosha yenyewe. Alipoizoea akajitengenezea ya pili kwa frigolite, lile povu gumu jeupe la makasha ya samaki, yenye mabawa mafupi na mwendo mkali. Hiyo haikusamehe kosa lolote.

Aliirusha mara ya kwanza ufukweni, mji ukiwa mikononi mwa wenye bunduki. Ilijibingirisha hewani juu ya ziwa, ikarudi, na kabla furaha haijamkolea wanajeshi wao wawili walikuwa wamemfikia.

"Hii iko drone. Unapelelezea nani?"

"Haina kamera. Angalieni."

Hawakuangalia. Waliibeba pamoja na telekomande yake.

Kesho yake, akipita karibu na kizuizi chao, aliiona ikipanda wima, ikapinduka na kujipigiza chini. Telekomande alikuwa nayo mmoja wa wanajeshi wale wawili, wenzake wanacheka. Pudentienne akawaendea.

"Jana ilikuwa silaha ya maadui, leo munaicheza?"

"Mama, iko mbovu. Inakataa kuruka."

"Haikatae. Weye haujue kuirusha."

Kicheko kilikatika. Akamnyang'anya telekomande, akaokota vipande, akaondoka. Hakuna aliyemzuia.

Nyumbani alivitupa vipande mezani kwa hasira. Jirani yake Amandine alimwambia amshukuru Mungu kwamba hawakumpiga risasi. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote, kwamba eti ashukuru.