Yule wa Nyuma ya Shahidi

Mama yangu hajui Kiingereza, na Kiingereza ndicho kinachonilisha mimi, kwani nakisomesha katika shule ya wasichana hapa Ibra, Omani. Kwa hivyo Bunge la nchi moja kubwa ya mbali lilipotaka kumng'oa rais wao kitini, na televisheni ikawa inaonesha mashahidi wakihojiwa, kazi ya kufasiri nikatwikwa mimi. Kwao ilikuwa asubuhi, kwetu magharibi. Tukishasali, mama anakaa juu ya godoro lake, wifi yangu anaegemea ukuta na kofia anayoishona, na mimi nakaa kati yao nikisema maneno ya watu nisiowajua.

Nikichoka nikafupisha, mama alinikamata papo hapo. "Yule kasema maneno chungu nzima, wewe wanipa mawili. Mengine umeyala?"

Hoja zenyewe hazikumshughulisha. Mama aliwahukumu watu kwa shingo. Shahidi akimeza mate kabla ya kujibu, basi: "Mwongo huyo! Itazameni shingo yake." Lililomkera zaidi ni kwamba rais mwenyewe hakuwemo ukumbini. "Mtu anashitakiwa hayupo? Wanamhukumu nani, kiti?" Nilicheka. Wifi hakucheka, na baadaye nilielewa kwa nini. Nyumba yetu nayo ilikuwa na mtu asiyekuwepo, na mambo yetu yote yalikuwa yanamsubiri yeye.

Kaka yangu alichukuliwa na wadi, bonde kavu linalogeuka mto, siku ya mvua kubwa, akiwa njiani kwenda Sur. Gari ilipatikana, mlango u wazi, yeye hakupatikana. Siku chache baadaye wavuvi wa Qalhat waliokota maiti ufukweni wakatuita. Baba, Mungu amrehemu, alifika mpaka mlangoni, akashindwa kuingia. Mama akaingia peke yake, akafunua nguo, akatoka akasema, "Siye." Maiti ile ikazikwa palepale kama mgeni asiyekuwa na watu wake.

Tokea siku ile mama alisema mwanawe hakufa, kachukuliwa. Huku bara ya Omani maneno hayo yapo tangu zamani. Wapo watu wanaolia msiba wao, kumbe mchawi kamficha mtu wao mahali anamtumikisha, na aliyefichwa hivyo wanamwita mughayyab. Hasemi, hapepesi macho, na anaweza kuonekana sokoni mji mwingine, akipotea ukimwita. Sisi tuliotoka Unguja tuna misukule yetu, kwa hivyo mama hakupata tabu kuliamini la huku. Alilitia juu ya lile la kule akawa nayo yote mawili. Kila Idi, mtaa ukishusha vikapu vya nyama ya shuwa kwenye shimo la moto, yeye alifunga kikapu cha kaka peke yake, akakitia alama ya kitambaa chekundu. Nyama ile ilimngojea siku mbili jikoni. Siku ya tatu wifi aliila, amesimama, kwa sababu chakula hakitupwi.

Wifi huyu ndiye aliyeniuma roho. Aliolewa mdogo, akabaki kwetu, hajawa mjane wala hana mume. Bwana mmoja wa mji wa Adam, mfanyabiashara wa mbuzi aliyefiwa na mkewe, alileta posa mara mbili. Kadhi angelimaliza jambo lile zamani, na mimi nilimwambia hivyo, nikamwambia na kwa ukali. Jibu lake halikubadilika: "Wifi, mama akisema, nitakwenda. Siwezi kumzika mtoto wake kwa karatasi." Nywele zilikuwa zimeanza kumgeuka, na hakuwa na mtoto. Mama alijua yote hayo. Nilimpenda mama yangu na nilimkasirikia, yote kwa pamoja, kila siku.

Basi jioni moja, shahidi mwanamke anaapishwa, mama akaniwekea mkono gotini.

"Yule nani?"

"Huyo ni karani wa—"

"Si huyo. Yule wa nyuma."

Nyuma ya kila shahidi walikaa watu wasioulizwa kitu. Mmoja wao alikuwa na rangi yetu, kavaa suti ya kijivu, kichwa kimemlalia upande wa kushoto. Kaka yangu alipasuliwa jipu la sikio utotoni, na tokea hapo alikiinamisha kichwa vile vile hata anapokula. Nikasema haraka, "Mama, duniani wawili wawili."

"Mtazame macho," mama alisema.

Tukamtazama. Shahidi alijibu swali refu, akajibu na la pili, na mimi nikasahau kufasiri. Yule mtu hakupepesa macho. Nikasema dishi letu bovu, picha inaganda. Lakini midomo ya shahidi ilikuwa inakwenda, na maji yalikuwa yanatikisika katika gilasi mbele yake. Sindano ya wifi ilikuwa imesimama ndani ya kofia.

Jioni ya pili yake alikuja shahidi mwengine, mwanamume mnene, na yule alikuwepo pale pale. Na ya tatu hivyo hivyo. Mama sasa alijitia mafuta ya udi kabla ya kukaa, na alipokohoa, naapa, yule mtu alitutazama. Kamera ikageukia pengine. Shuleni nilikitafuta kikao kile kile kwenye simu, ili nije niwaoneshe waache upuuzi. Mahali pake alikaa mwanamke mwenye miwani, anaandika. Nilikirudisha nyuma mara nyingi, mwanamke akabaki mwanamke. Nilifika nyumbani nikanyamaza. Niliogopa, na sikujua nilichokiogopa hasa, wachawi au akili zetu watu watatu.

Katika siku hizo mwenyekiti alimkatiza shahidi mmoja kwa hasira. Nikafasiri: "Anamwambia aseme aliyoyaona kwa macho yake. Si aliyoyasikia."

Mama alilipenda neno lile. Muuza samaki alipomwambia jodari ameingia alfajiri, alimjibu, "Uliona, au ulisikia?" Alimwambia jirani, akaniambia na mimi juu ya chumvi ya mchuzi. Nyumba nzima ililisikia. Wifi pia.

Ikafika jioni ya kura. Wakubwa wa Bunge lile walikuwa wanaitwa mmoja mmoja kwa jina, kila mtu anatamka lake, ana hatia au hana. Ukumbi ulikuwa mwengine na mashahidi wamekwisha kwenda zao, lakini mama alinyoosha kidole kwenye ukuta wa nyuma. "Kahamia huku." Kweli, alikuwa amekaa pale na suti ya kijivu, kichwa upande.

"Na yeye hawamwiti?"

"Hana kura, mama. Hajulikani ni nani."

"Mimi namjua. Ntamwita mie." Akajivuta kwa magoti mpaka karibu na kioo, mwanga ukimpiga usoni, akafungua mdomo.

"Mama," wifi alisema.

Aliiweka kofia chini. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimkatiza mavyaa yake.

"Kabla hujamwita, nakuuliza wewe. Uloyaona kwa macho yako, si uloyasikia. Siku ile Qalhat, ulipofunua nguo."

Mama hakugeuka. Televisheni ilikuwa inaita majina. Nami, Mungu anisamehe, niliitazama shingo ya mama yangu, nikaona anameza mate.

"Bahari ilikuwa imekwishamla uso," alisema.

"Uliona nini?"

"Sikio." Alishika sikio lake mwenyewe la kushoto, kwa nyuma, pale palipokuwa na kovu la kaka. "Nililiona sikio. Nikasema nikisema ndiye, hatorudi tena. Nikasema siye."

Hakuna aliyelia. Mtu wa kwenye televisheni aliitwa akajibu, na mwengine akaitwa. Kamera ilipopita tena kwenye ukuta wa nyuma, kiti kilikuwa kitupu. Nadhani sote watatu tulikiona. Rais yule aliokoka, habari ilisomwa pale pale, na mama hakuniuliza hata matokeo.

Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, nilitia mafuta gari tukaenda Qalhat. Njia nzima mama alikaa mbele na kikapu cha makuti mapajani, kikapu kile cha Idi, kitupu. Tulimkuta mvuvi mmoja mtu mzima kivulini, anasafisha mashine ya boti. Nilimsalimia, nikamuuliza kwa Kiarabu kama analijua kaburi la mgeni aliyeletwa na maji mwaka wa wadi.

Alitupeleka mwenyewe. Palikuwa na mawe mawili tu, moja kichwani moja miguuni, na baina yake mchanga umekanyagwa ukawa mgumu, kama mlango wa nyumba wanamokaa watu.

"Nyinyi ni jamaa wa yule bwana?" akatuuliza.

"Bwana gani?"

"Anayekuja kukaa hapa alasiri. Miaka sasa. Hasalimii wala hatujui anakotoka. Anakaa hapo na kichwa chake hivi." Akakilaza kichwa chake upande wa kushoto. "Tulidhani ni ndugu wa marehemu, tukamwacha. Lakini wiki mbili hizi hajaja. Hatujui yuko wapi."

Wiki mbili hizo sisi tulijua alikuwa wapi. Nilimgeukia mama, nikawa sijui kama nimfasirie au nisimfasirie, nikasahau kwamba Kiarabu anakijua kuliko mimi.

Hakumtazama mvuvi. Alipiga magoti, akakifungua kile kitambaa chekundu kikapuni, fundo lilikuwa gumu akalitafuna kwa meno, kisha akakifunga kwenye jiwe la kichwani. Akaweka kiganja juu ya ule mchanga mgumu.

"Ndiye," alisema. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Ndiye huyu. Mwanangu."

Hapo wifi akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, ukelele wa mwanamke aliyeletewa habari asubuhi ile ile. Mvuvi aliondoka akatuachia mahali petu. Nilitaka kumshika wifi, mama akanizuia kwa mkono.

"Mwache alie," aliniambia. Kisha akamwambia yeye, kwa sauti ya taratibu: "Lia, mwanangu, umlilie mumeo. Ukimaliza, wapigie simu wale watu wa Adam."